Seva Yenye Sauti Nene

Kompyuta ya zamani ilikata roho siku ileile ambayo Ngurumo alikuwa anakata roho. Alikuwa kwenye chumba cha kurekodia, amelala chali juu ya zulia, maikrofoni imeinamishwa hadi mdomoni, anaigiza tajiri aliyetiliwa sumu na mpwa wake. Na kufa kwa Ngurumo hakukuwa kufa kwa haraka. Waigizaji wengine wa redio hufa kwa pumzi mbili wakaenda zao kunywa chai. Yeye alikufa kwa awamu: alitoa usia, akasamehe maadui, akanyamaza, akarudi kidogo kuongeza jambo alilosahau. Alipofika kwenye neno la mwisho kabisa, mkewe akavua vifaa vya masikioni na kusema, "Baba Pacha, amka. Kompyuta imekutangulia."

Nje walimwita Ngurumo kwa ajili ya sauti yake, ambayo ilikuwa nene hata akiuliza bei ya vitunguu. Ndani ya nyumba aliitwa Baba Pacha. Yeye na Mama Pacha walikuwa wanatengeneza michezo ya redio, wawili tu, na ukisikia ukoo mzima unagombania shamba kwenye mchezo wao, ujue ni hao hao wawili wanapokezana. Moto ulikuwa mfuko wa plastiki unaofinywafinywa. Jeshi likipita, lilikuwa viatu vya Mama Pacha ndani ya bakuli la mchele mbichi. Chumba chenyewe kilikuwa cha mabinti zao pacha. Walipoolewa wote wawili mwaka mmoja, baba yao aliyabandika magodoro yao ukutani ili kuzuia mwangwi, hata machozi ya harusi hayajakauka.

Kompyuta kufa si ajabu, zinakufa kila siku. Lakini hii ilichagua wiki mbaya. Mama Vipindi, mkuu wa vipindi pale kwenye kituo cha redio, mwanamke ambaye hata salamu anaitoa kwa kupima, alikuwa amempigia simu Mama Pacha akamwambia anatafuta msimulizi wa hadithi za kuwalaza watoto. Alitaka asikie sauti ya mfano kabla ya mwisho wa wiki ijayo.

Hapa ni lazima uelewe jambo. Kwenye michezo ya mumewe, Mama Pacha alikuwa ameshakuwa mke anayelia, jirani mwenye wivu, mama mkwe mwenye mdomo, na pale mambo yalipokuwa mabaya, mbuzi. Ngurumo alikuwa mfalme, yeye akawa watu waliokanyagwa na farasi wa mfalme. Wala hakunung'unika. Lakini sauti yake halisi ilikuwa ya chini, laini, ya mtu anayekwambia jambo zuri sikioni, na ndiyo iliyowalaza pacha miaka yote ya udogo wao. Tangu magodoro yapande ukutani hakuwa na mtu wa kumsimulia. Kazi ile aliitaka mpaka akawa anaogopa kuitaja.

"Nataka kompyuta ya kimya," alimwambia mumewe. "Hata ikiwa ya kizamani, hata ikiwa na mikwaruzo, mradi iwe kimya. Mengine chagua wewe."

"Niachie mimi," akasema Ngurumo, na mwanamke mwingine pale angemkamata shati.

Alianzia duka la kona, kati ya muuza viatu na daktari wa meno, kwa fundi wa kompyuta. Fundi alikuwa binti mwenye bisibisi sikioni na maneno machache. Alimuuliza mteja wake anafanya kazi gani.

"Sanaa," akasema Ngurumo, akiacha neno litembee dukani.

"Sanaa ya kufanya nini na kompyuta?"

"Kurekodi sauti. Michezo ya redio. Huenda umenisikia."

"Mimi nasikiliza mpira," akasema fundi. "Basi chukua hii, prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Ina viini sita, tena vyenye kasi sana."

Ngurumo akauliza kiini ndiyo nini, na fundi, ambaye pengine ndiyo ilikuwa hotuba yake ndefu ya mwezi ule, akamweleza kwamba prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta, na kiini ni kama mfanyakazi mmoja ndani yake. Zipo prosesa za seva, zile mashine kubwa zinazohudumia ofisi nzima, zenye wafanyakazi ishirini na wanne au zaidi. Ila mmoja mmoja, wale wana mwendo wa taratibu. Ukiwa na magunia mengi ya kuhamisha, hao ndio wako, kila mtu anajitwika lake. Lakini kurekodi sauti ni kazi ya foleni, neno hili lazima lipite kabla ya lile. "Utakuta mmoja anahangaika na waliobaki wamesimama wanamtazama," akasema. "Hawa sita watakutosha na chenji itabaki."

"Yaani kuna ya ishirini na nne, halafu unanipa mimi ya sita."

"Kwa kazi yako, ndiyo."

"Binti, mimi nimekuwa mfalme mara tatu."

Fundi akanyoosha mkono. Akawasha kompyuta iliyokuwa mezani ili mteja ajionee. Taa ndogo ikawaka. Ngurumo akasubiri. Akainama, akaweka sikio kwenye boksi kama daktari anayemsikiliza mgonjwa kifua.

"Mbona haisemi kitu?"

"Ndiyo uzuri wake."

Ngurumo akasimama wima, uso umekunjamana. Huyu bwana hakuwahi kumwamini mtu asiyesikika, sembuse mashine. Akasema atafikiria, akatoka, na badala ya kushika njia ya nyumbani akashika njia ya kwa shemeji yake.

Shemeji mwenyewe alikuwa kaka wa Mama Pacha, na kazi yake ilikuwa kununua vitu vilivyostaafu maofisini na kuvitafutia ndoa ya pili. Viti vya kuzunguka visivyozunguka tena, kabati za chuma, simu za mezani. Mdomo anao. Angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe, na ukaondoka umemshukuru kwa kukupunguzia. Alipoambiwa habari za kompyuta, alimshika Ngurumo begani, akamwongoza hadi nyuma ya ghala, akavuta turubai kwa madaha ya mtu anayezindua sanamu.

"Seva, shemeji yangu. Imetoka kwenye ofisi moja kubwa iliyohama. Prosesa yake ina viini ishirini na nne. Hiki si kitu cha kila mtu."

Lilikuwa boksi la bati, refu, pana, zito kama dhambi. Shemeji akabonyeza. Kwanza ukatoka muungurumo wa chini sana, uliopanda kupitia nyayo za viatu. Halafu feni zikashika kasi, moja baada ya nyingine, mpaka vioo vya kabati vikaanza kugongana na vumbi la ghala zima likainuka kama limeitwa kwa jina.

Ngurumo akavua kofia.

"Ina kifua," akasema.

"Si umeona?"

"Sikiliza ilivyoingia. Haikuharakisha. Hii ukiipa nafasi ya hakimu, mtu anafungwa bila shahidi."

Watu huchagua prosesa kwa namba zake, wengine kwa bei, wengine wenye bahati humuuliza anayejua na kumsikiliza. Ngurumo alichagua yake kwa usaili wa sauti. Kosa la namna hiyo anaweza kulifanya mtu wa michezo ya redio peke yake, na tena si kila mmoja wao. Wala ile sauti haikuwa ya prosesa, prosesa haina mdomo. Ilikuwa ya feni zilizofungwa pale kuipooza. Lakini nani angemwambia, wakati macho yalikuwa yameshalowa?

Shemeji naye, tusimwonee, alijaribu kuwa mkweli kidogo. "Ila huko ilikotoka," akasema, "ilikuwa inafungiwa chumba chake peke yake, na baridi yake, na hakuna mtu aliyekuwa anakaa humo."

"Kwa heshima," akasema Ngurumo.

Shemeji akamtazama. Biashara ni biashara. "Eeh," akasema. "Kwa heshima."

Walipoifikisha nyumbani na kuiunganisha, skrini ilibaki nyeusi tii. Kumbe prosesa za namna ile mara nyingi haziwezi kutoa picha zenyewe, na Shemeji akaeleza kwamba huko kazini hakukuwa na mtu wa kuitazama usoni. Akarudi ghalani akaleta kadi ya picha, akaichomeka, akaaga upesi kuliko kawaida yake, kwani alikuwa amemwona dada yake anakuja kwa mbali.

Mama Pacha alisimama kwenye korido na kikapu cha sokoni mkononi. Nyumba yote ilikuwa inavuma. Vijiko vilikuwa vinatetemeka kwenye kabati.

"Nani anasaga humu ndani?" akauliza.

"Anaitwa Jenerali," Ngurumo akajibu kutoka chumbani, kwa sauti ya juu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akalazimika kurudia ili asikike.

Mama Pacha akaingia, akalitazama boksi, akamtazama mume, akakiweka kikapu chini. "Baba Pacha, nilikuomba nini?"

"Ina viini ishirini na nne, mke wangu."

"Nilikuomba nini?"

"Itaizoea nyumba."

Haikuizoea nyumba, nyumba ndiyo iliyoizoea. Na kero haikuwa kelele peke yake. Mama Pacha alipovaa vifaa vya masikioni akaanza kusema, sauti yake ilimrudia ikiwa imechelewa, maana mfanyakazi mmoja ndani ya Jenerali alikuwa anahangaika na foleni na wale wengine wanamtazama, sawasawa kama fundi alivyosema. Akiita "mume wangu," baadaye kidogo anasikia mtu anaita "mume wangu." Siku ya pili alijikuta anataka kugombana na yule mwanamke.

Mvumo nao uliingia kwenye kila walichorekodi. Mwenye akili angekubali yaishe. Ngurumo alikuwa mtunzi, na mtunzi ni mtu hatari.

"Kama kelele haitoki," akasema, "basi tuipe sababu ya kuwepo."

Ndipo mchezo wao, uliokuwa wa familia ya kitajiri na urithi wake, ukahamia kwenye mashine ya kusaga nafaka. Harusi ikafungwa kwenye mashine ya kusaga. Kesi ikasikilizwa hapo hapo, eti jengo la mahakama linapakwa rangi. Wapenzi waliozoea kukutana bustanini wakawa wanakutana kando ya maporomoko ya maji. Bibi wa watu alipasuliwa kidole tumbo ndani ya ndege, na ndege ile haikutua mpaka mshono ukapona. Na kwa kuwa ni lazima usikike juu ya mashine, waigizaji wote wawili wakawa wanapiga kelele. "Nakupenda" ya Mama Pacha ilitoka kama mtu anayeita teksi kwenye mvua.

Tabia ikawafuata mezani. Waliombana chumvi kwa ukali hata jirani akaja kusuluhisha. Jirani mwingine alikuja na ndoo ya mahindi, akauliza kwa upole kama wanasagia watu au ni ya nyumbani tu.

Ngurumo akaona haya kidogo, akaanza kuhangaika. Alibandua godoro moja ukutani akamfunika nalo Jenerali. Jenerali akapata joto, na akipata joto feni zake huongeza bidii, kwa hiyo akapiga kelele kwa hasira za mtu aliyefunikwa. Akamhamishia bafuni na kupitisha nyaya chini ya mlango. Kule vigae vikaunyanyua mvumo ukawa wa pangoni, na Mama Pacha akawa anaoga akiwa ameangaliana na taa ndogo za kijani. Siku hiyo ya bafuni aliongea maneno ambayo hata kwenye michezo ya redio hayaruhusiwi. Jenerali akarudishwa chumbani.

Ikafika siku ya kupeleka sauti ya mfano. Kuazima mahali pengine pa kurekodia kulikuwa hakuwezekani tena, maana Ngurumo alikuwa amesema kila siku kwamba kesho atalimaliza tatizo, na kesho zilikuwa zimekwisha.

Mama Pacha alikaa kwenye kiti, karatasi mapajani. Hakuwa ananuna. Angenuna ingekuwa nafuu.

"Baba watoto," akasema, na ilibidi asogee karibu ili asikike, "miaka yote nimelia uliponiambia nilie. Nimecheka uliponiambia nicheke. Nimekuwa mbuzi. Sikukudai chochote, kwa sababu kazi yako niliipenda. Nimeomba kitu kimoja cha kwangu. Nimeomba kimya, ukaniletea kiwanda. Imeniuma sana."

Ngurumo alifungua mdomo. Mkewe akamwinulia kiganja.

"Washa," akasema Mama Pacha.

Na hakupiga kelele. Alisema alivyokuwa anasema zamani kando ya vitanda vya mabinti, chini chini, taratibu, mdomo karibu uguse maikrofoni. Ilikuwa hadithi ya kiatu kimoja kilichopotezana na mwenzake, kikazunguka mji mzima kumtafuta. Ngurumo alikuwa amekaa mbele yake kabisa, magoti yanakaribia kugusana, na hakusikia hata neno. Aliona midomo tu inavyokwenda. Aliona mahali anapotabasamu, akajua hapo pana kichekesho, na hakukipata. Mke wake mwenyewe anasimulia na yeye hasikii, kwa sababu ya bati alilolichagua kwa kifua chake. Kitu kikamchoma ndani, akakaa nacho hadi hadithi ilipoisha. Sauti ikatumwa kituoni ilivyo, na mvumo wake wote.

Asubuhi akaenda dukani kwa fundi, kofia mkononi. Akaeleza kila kitu, hata habari za ndege. Fundi alicheka kwa adabu, yaani aligeukia ukuta kwanza.

"Seva yenyewe si mbaya," akasema alipogeuka. "Umeipeleka kwenye kazi ya watu wengine. Ghorofa ya juu hapa kuna kampuni ya wachora katuni. Picha zao ni maelfu na kila picha inajitegemea, kila kiini kinachukua yake, hakuna kumsubiri mwenzake. Na wana chumba cha kufungia mashine. Wanahangaika kutafuta kitu kama hicho tangu mwezi uliopita."

Wachora katuni wakaja jioni hiyo hiyo, wakamtazama Jenerali kama wakwe waliopata bibi harusi, wakambeba. Walicholipa kilitosha kununua ile prosesa ya kawaida na boksi lake. Shemeji alidai kidogo chake, kwa kuwa, alisema, bila yeye kusingekuwa na cha kuuza.

Ngurumo alipoiwasha kompyuta mpya alidhani haijawaka, akataka kubonyeza tena, mkewe akamshika mkono. Taa ilikuwa inawaka. Chumba kilikuwa kimya mpaka unasikia nguo inavyosugua kiti.

"Moja, mbili," akasema Mama Pacha kwenye maikrofoni, na sauti ikamfikia masikioni papo hapo, haikukawia hata kidogo. Akafumba macho.

"Nisamehe, mama," akasema Ngurumo. Alitaka kuongeza neno, pengine hata mafungu mawili matatu, akajizuia.

"Nimekusikia," akasema mkewe.

Walikuwa bado wamekaa hivyo simu ilipolia. Alikuwa Mama Vipindi. Mama Pacha aliweka simu kwenye spika ili wasikie wote wawili.

"Nimesikiliza," akasema Mama Vipindi. "Nikampa na mjukuu wangu asikilize. Mtoto huyu, tangu azaliwe, hajawahi kulala kabla ya wazazi wake. Kiatu hakijavuka hata barabara, ameshalala. Mama yake alidhani ni mgonjwa. Kazi ni yako."

Mama Pacha alilia, na safari hii hakuna aliyemwelekeza.

"Nina sharti moja tu," Mama Vipindi akaendelea. "Ule mvumo wa nyuma, msiuguse. Nilijaribu kumsimulia mjukuu hadithi ile ile kwa mdomo, bila mvumo, akaniomba maji. Sauti yako inambembeleza, mvumo unamshika asitoke. Ni ubunifu mkubwa sana, sijui mmetumia chombo gani. Kipindi bila mvumo sikitaki."

Simu ikakatwa. Mtu na mkewe wakatazamana, katikati yao kompyuta imekaa kimya na adabu zake zote.

Ngurumo alipanda ngazi za wachora katuni mbili mbili, akashuka moja moja. Walishamfungia Jenerali chumbani kwake, picha za wiki nzima zimeshaingia, na hata kwa kukodi hawakutaka kusikia. Basi yeye na mkewe wakasema watakata kipande cha mvumo kutoka kwenye rekodi za zamani na kukirudiarudia. Wakaanza kusikiliza, mashine ya kusaga, maporomoko, ndege. Wakasikiliza mpaka chai ikapoa. Kwenye kila rekodi, pale ambapo hakuna aliyekuwa anaongea, Ngurumo alikuwa anakohoa kidogo ajiandae kuongea, au anavuta pumzi ya kifalme, au anajisifia chini chini kwa alichokwisha kusema. Hakukuwa na mahali ambapo feni ilikuwa peke yake. Hata kwenye ile ya kiatu alisikika anapenga kamasi kila mahali palipotulia.

Mama Pacha aliinamisha kichwa juu ya meza. Mumewe akamtazama mgongo, akatazama magodoro ukutani, akavuta kiti.

"Nipe maikrofoni ya pili," akasema.

"Unataka kusema nini?"

"Sitasema kitu."

Katika ndoa yao yote Mama Pacha alikuwa hajawahi kusikia maneno hayo kutoka kinywa kile, akainua kichwa kuhakikisha ni yeye.

Ngurumo akafumba mdomo nusu, akavuta hewa puani, na kutoka chini kabisa ya kifua akautoa ule mvumo. Ulikuwa wenyewe. Alipoulizwa amewezaje, alijibu kwamba aliishi na Jenerali, na mwigizaji haishi na mtu bure. Ila ulikuwa na kasoro. Ulipanda, ukashuka, ukasita mahali kwa huzuni, ukarejea kwa kishindo.

"Punguza ufalme," akasema Mama Pacha. "Wewe ni feni."

"Feni gani? Ina historia gani?"

"Haina historia."

"Inataka nini maishani?"

"Inataka kuzunguka, Baba Pacha. Zunguka."

Walifanya mazoezi siku kadhaa. Kumfundisha mtu yule kutokuwa mtu wa maana kulikuwa kazi kuliko kazi, na mara kwa mara alijisahau akaweka kikohozi cha hakimu. Lakini alijifunza kuiba pumzi bila kukata, mashavu yakitoa huku pua ikiingiza, na alipoupata mvumo ulionyooka, akagundua jambo. Alikuwa anamsikia mkewe. Neno kwa neno, kutoka chini ya ule mvumo wake mwenyewe, alimsikia mahali panapochekesha, na siku ya kwanza akacheka, wakalazimika kuanza upya.

Jioni ambayo kipindi kilitoka hewani mara ya kwanza, walikaa kwenye kochi, redio mezani. Mabinti wote wawili walikuwa wamepiga simu mapema kusema watasikiliza. Mvumo ukaanza, wa chini, wa kutulia, na juu yake ikaja sauti ya Mama Pacha, ikasema hapo zamani palikuwa na kiatu kimoja. Mama Pacha aliikunja mikono kifuani, akasikiliza kosa liko wapi, asilione. Akafurahi mpaka akaona aibu kufurahi hivyo.

Hadithi ilipoisha mtangazaji akasoma majina. Msimulizi, Mama Pacha. Feni, Ngurumo. Mama Pacha akageuka haraka amwone uso, maana feni yoyote ile, jina limesomwa redioni.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea nyuma, mikono imelegea, na kwa jinsi alivyolala lazima alikuwa ameondoka kiatu kikiwa bado kiko sokoni. Mama Pacha alinyoosha mkono amwamshe, akauacha hewani, akaurudisha. Akazima redio, akamvua viatu, akamfunika miguu kwa kitenge chake. Hadithi ya kesho yake ilikuwa bado haijamkaa sawa kichwani, kwa hiyo akajisogeza karibu na sikio lake, akaanza kumsimulia taratibu.